Tonge la Mgeni Rasmi

"Paukwa!"

"Pakawa."

"Hiyo pakawa gani ya watu wenye usingizi? Mimi sisimulii magogo. Paukwa!"

"Pakawaaa!"

"Pakawa chungu!"

"Na kijae!"

"Kikijaa ale nani?"

"Tule sote!"

Haya, hapo tumeelewana. Sogeeni karibu. Na wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa hivi umalize, nikishaanza sitaki kelele.

Hapo kale, kwenye bonde moja lenye mto mpana na matete mengi, wanyama walikuwa wakulima. Msiniulize walishikaje majembe. Walishika. Walilima mtama na kunde, na mavuno yakishaingia ghalani, kibaridi cha asubuhi kikianza kuuma masikio, walikuwa na sikukuu yao moja kubwa. Sikukuu hiyo iliitwa Malimbuko.

Malimbuko ilikuwa hivi. Kila mmoja alileta konzi moja ya mtama wake mpya. Konzi ya Tembo na konzi ya Panya, zote konzi, hakuna aliyepima. Mtama ukasagwa, ugali ukasongwa kwenye chungu kimoja kikubwa, kwata-kwata-kwata, na kunde zikatokota pembeni. Halafu ndiyo ikaja ile sehemu tamu. Siku hiyo hakuna aliyejilisha tonge la kwanza. Tonge la kwanza unalishwa, tena na yule uliyemsaidia mwaka ule. Anakata tonge, anachovya kwenye kunde, anasimama mbele yako watu wote wakisikia, anasema, "Umenifaa," kisha anataja ulichomtendea. Nawe unafungua kinywa, unatafuna, unameza, unajibu, "Nimeshiba." Basi. Baada ya hapo mikono yote chunguni, kila mtu na tumbo lake.

Na ole wake atakayejilisha mwenyewe! Wazee walisema tumbo lake litapiga ngoma, ndu ndu ndu, mpaka mavuno mengine. Hakuna aliyewahi kujaribu aone kama ni kweli. Wewe ungejaribu? Thubutu!

Sasa, katika bonde hilo aliishi Sange. Sange mnamjua: kanyama kadogo, miguu kama vijiti, pua ndefu inayochezacheza muda wote. Akitembea, tipu-tipu-tipu. Mwaka huo mvua za masika zilimbomolea nyumba, akapata homa, akalala kwenye tope meno yakigongana, ka-ka-ka-ka. Aliyemkuta ni jirani yake, Mama Kanga, mjane mwenye vifaranga chungu nzima. Mama Kanga hakuuliza maswali. Akampeleka kwake, akafungua mabawa: upande huu vifaranga, upande huu Sange. Akampikia uji wa mtama. Leo uji, kesho uji, keshokutwa uji, mpaka mtama wa mbegu ukaishia kwenye sufuria. Wenzake walipopanda, yeye hakuwa na cha kupanda.

Sange akapona. Akaokoteza mbegu huku na huku, akalima kijishamba, akavuna kibaba kimoja cha mtama. Mama Kanga hakuvuna kitu. Na hakusema neno, wala hakumkumbusha, wala hakununa. Hilo ndilo lililomkosesha Sange usingizi. Alikuwa na jambo moja tu analolitaka mwaka ule: asimame siku ya Malimbuko, amlishe Mama Kanga tonge la kwanza, na bonde zima lisikie alichofanyiwa.

Sasa tatizo. Tatizo lilikuwa kubwa, lina masikio madogo, na likitembea ardhi inasema puu, puu, puu. Kiboko!

Uwanja wa Malimbuko ulikuwa ukingoni mwa mto, mbele ya nyumba ya Kiboko. Kwa miaka mingi Kiboko alikula ugali kama wenzake, akanyamaza. Siku moja akatazama ule umati, akatazama mtama wao, akameza mate, gulu!

"Jamani, mbona vumbi hivi?" akasema. "Mwaka huu nitamwagia uwanja maji. Kibaba kwanza, kicheko baadaye!"

Wakalipa. Vumbi kweli lilikuwepo.

Mwaka uliofuata akasema, "Sherehe gani hii kila mtu amevaa lake? Aibu! Lazima sare. Mikanda ya matete, ninayo mimi. Kibaba kwanza, kicheko baadaye!"

Wakalipa. Tena wakaanza kutazamana viunoni, nani mkanda wake unameremeta na nani amerudia wa mwaka jana.

Mwaka uliofuata akajenga ua wa miiba, akaweka mlango, akauza bangili za ukindu za kupitia mlangoni. Kisha viti vya mbele. Kisha matonge yaliyoviringishwa tayari kwenye jani, ili usichafue mkono. Kisha akamleta Ngedere awe mshereheshaji. Ukimpa Ngedere mtama wako, wewe unakaa, yeye anakushukuria kwa sauti laini na machozi mawili. Kibaba kwanza, kicheko baadaye!

Na matangazo, wacha wee! Mtama haujatoa hata suke, Ngedere yuko juu ya mti na ngoma, ndu ndu ndu: "Malimbuko hayooo yanakuja! Umeshajiandaa? Jirani yako ameshajiandaa!" Watu wanapalilia huku roho ziko juu. Kila mmoja peke yake alijua mambo haya ni upuuzi. Lakini nani akubali kuwa yeye ndiye asiye na mkanda? Wakalipa, wakanung'unika, wakalipa tena.

Siku ikafika. Asubuhi Sange akashika kibaba chake, akamshika Mama Kanga, vifaranga nyuma, pii-pii-pii, mpaka mlangoni. Kiboko alikuwa amekaa hapo, ameuziba mlango wote.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Kibaba kwanza, kicheko baadaye."

"Ninacho, Mzee. Naomba kwa hiki tuingie mimi na huyu mama. Sisi wadogo, hatuchukui nafasi."

"Kibaba kimoja, bangili moja. Bangili moja, mtu mmoja. Huyo mama na jeshi lake wakae kule." Akanyoosha mdomo upande wa nje ya ua. Huko walikuwa wameshakaa wengine wengi: Kobe, Kicheche na wanawe, wajane, wagonjwa, wote waliovuna kidogo. Wamekaa kimya wananusa kunde za wenzao.

Sange akasimama, pua ikacheza. Akimpa Mama Kanga bangili, Mama Kanga ataingia lakini nani atamlisha? Akiingia yeye, atamlisha nani? Machozi yakamlenga.

Mama Kanga akamgusa kwa bawa. "Ingia, mwanangu. Wewe ukishiba, mimi nimeshiba."

"Hujashiba, mama. Na wanao hawajala tangu jana, usinidanganye."

"Haya, sijashiba. Ingia hivyo hivyo."

Sange akajipangusa uso. Kisha pua ikasimama. Ee, pua ya Sange ikisimama ujue ndani ya kichwa kuna kitu kimewiva. Akamgeukia Kiboko kwa adabu zote.

"Mzee, samahani. Nakuona hapa mlangoni kila mwaka. Wewe huwa unakula saa ngapi?"

"Kesho yake. Kiporo, na wapishi. Nikishakusanya."

"Ala! Mwenye uwanja, mwenye sare, mwenye mlango, unakula na wapishi? Jamani! Mtu kama wewe si ndiye mgeni rasmi?"

Masikio ya Kiboko yakatetemeka, trrr. "Mgeni rasmi ndiye nani?"

"Mgeni rasmi ni mkubwa. Anakaa mbele ya chungu. Hakuna mkono unaogusa ugali mpaka yeye awe amelishwa tonge lake."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja. Wote wanakutazama wewe."

Kiboko akafikiria chungu kizima, yeye mbele yake, watu wote wakimtazama. Akameza mate, gulu! "Nani atatangaza?"

"Mimi, Mzee. Niachie mimi."

"Umepewa," akasema Kiboko. "Kibaba chako lakini toa."

Sange akatoa. Akavaa bangili. Kabla ya kuingia akamnong'oneza Mama Kanga, "Kaa papa hapa karibu na mlango. Usirudi nyumbani, tafadhali." Mama Kanga akaitikia kwa kichwa, akakusanya wanawe, akakaa. Sange alipogeuka nyuma akamwona amekaa vile, moyo ukamuuma sana.

Ndani kulipendeza, tusiseme uongo. Mikanda inameremeta, maji yamemwagwa, viti vimepangwa. Chungu kikafunuliwa, fuuu, mvuke ukapanda, na matumbo ya bonde zima yakalia kwa pamoja. Watu walikuwa na njaa kweli, maana maghala yao yalikuwa yameishia kwenye bangili na mikanda. Kiboko akaja, puu, puu, puu, akakaa mbele ya chungu.

Sange akapanda juu ya kigoda. "Ndugu wananchi! Mwaka huu tunaye mgeni rasmi, Mzee Kiboko! Hakuna anayegusa chungu mpaka mgeni rasmi alishwe. Mzee, fungua kinywa!"

Kiboko akafungua kinywa. Aaaaa! Mnajua kinywa cha Kiboko. Ungeweza kuingiza kitanda na mto wake.

"Na sasa," akasema Sange, "kwa desturi yetu, aliyesaidiwa na Mzee Kiboko mwaka huu aje amlishe. Nani anaanza?"

Digidigi, ambaye hupenda kuonekana, akaruka mbele. "Mimi! Mzee alinipa mkanda huu mzuri."

"Ulilipa?" akauliza Sange.

"Nililipa."

"Basi mmemalizana. Kaa chini."

Digidigi akatafakari, akaona kweli, akakaa.

Punda Milia akaja. "Mimi alinipa kiti cha mbele."

"Ulilipa?"

"Nililipa. Tena niliongeza."

"Basi mmemalizana, na chenji unadai wewe. Kaa chini."

Watu wakacheka kidogo, wakaziba midomo. Nzi wakaanza kuingia kinywani mwa Kiboko, vuuu, wakizunguka humo kama wanatafuta nyumba ya kupanga. Kiboko hakuthubutu kufunga. Akasema kwa kinywa hicho hicho wazi, "Hegegere! Hegegere!" maana yake Ngedere.

Ngedere akaja mbio, akashika tonge, machozi mawili tayari. "Mzee Kiboko, jua la bonde letu, umenifaa..."

"Subiri," akasema Sange. "Amekulipa kusema hivyo?"

Ngedere akajikuna. "Sasa mimi nafanya kazi bure?"

"Basi mmemalizana. Kaa chini."

Hapo watu wakacheka wazi, ha-ha-ha, mpaka ua ukatikisika. Kiboko akafunga kinywa, kwaap! Nzi wengine hawakuwahi kutoka.

"Nitajilisha mwenyewe!" akanguruma, akapeleka mdomo chunguni. Ile anakaribia tu, tumbo lake, kwa njaa, likasema: ndu!

Uwanja mzima ukapiga kelele. "Ngoma! Ngoma imeanza!"

Kiboko akaruka nyuma, akakanyaga viti vya mbele, kra-kra-kra, vyote vijiti. Akakaa chini akitweta. Ugali ulikuwa unaanza kupoa. Njaa ilimshika mpaka macho yakawa madogo.

"We Sange," akasema kwa sauti ya chini, "niambie nifanye nini."

"Mzee, rahisi. Mpe mtu kitu, usichukue chochote."

"Bu... bu..." Neno lilimkwama. Alikuwa hajalitumia muda mrefu. "Bure?"

"Hilo hilo, Mzee. Umelipatia."

Kiboko akamgeukia Digidigi. "Chukua mtama wako, nimekurudishia. Haya, nishukuru."

Digidigi akapokea mtama, akaukumbatia. "Mzee, huu si ulikuwa wangu? Nakushukuruje kwa kilicho changu?"

Watu wakaguna, mmm, wakakubaliana naye. Kiboko akamtazama Sange kwa macho ya kuomba huruma.

"Mzee," akasema Sange, "inabidi awe mtu ambaye hujachukua kitu chake. Humu ndani yuko nani ambaye hajakulipa?"

"Humu?" Kiboko akavimba. "Hakuna! Mlango wangu haupitishi mtu bure!" Akavimba, akavimba, kisha akanywea taratibu. "Hakuna," akarudia. "Humu hakuna."

"Na nje?"

Hamjaona kiboko akikimbia. Ombeni msione. Puu-puu-puu-puu! Hakufungua mlango, aliupitia. Mlango, nguzo na ua wa miiba, vyote kwaraaa, chini. Vumbi lilipotulia akawa amesimama mbele ya Mama Kanga, miiba imemning'inia masikioni.

"Mama! Ingia! Ingia na wanao! Na nyie wote ingieni! Bure! Bure! Bure!"

Siku hiyo alilisema hilo neno mpaka likamzoea. Wakaingia. Kobe akaingia, Kicheche na wanawe wakaingia, wajane wakaingia wakijifuta vumbi. Mama Kanga akasimama mbele ya chungu, hana mkanda, hana bangili, vifaranga wamejibana miguuni mwake. Kiboko akakaa, akafungua kinywa. Aaaaa!

"Haya, mama. Nimekufungulia mlango. Nilishe."

Mama Kanga akamtazama. Hakuwa na haraka. "Shukrani ninayo, Mzee," akasema, "sitaficha. Lakini wanangu hawajatia kitu tumboni tangu jana, na hawa wenzangu vivyo hivyo. Mkono wangu hauwezi kuja kwako ukawapita wao."

"Walishwe!" akalia Kiboko. "Walishwe wote! Mimi nitakuwa wa mwisho! Ila fanyeni haraka!"

Basi. Hicho ndicho Sange alichokuwa anakingoja. Akashuka kwenye kigoda, tipu-tipu-tipu. Akakata tonge, akalichovya kwenye kunde. Akasimama mbele ya Mama Kanga.

"Umenifaa, Mama Kanga," akasema. "Nilikuwa kwenye tope nakufa. Ukaniweka upande mmoja wa bawa lako na wanao upande mwingine, hukunibagua nao. Mbegu zako ulinipikia uji. Shamba lako ni tupu kwa sababu mimi nilishiba. Kila mtu hapa anaona huna sare. Sare yako niliila mimi, mama. Asante. Nilitaka wote wasikie."

Akanyoosha mkono. Mama Kanga, ambaye hakulia mume wake alipofariki wala shamba lake lilipokaa tupu, alilia hapo hapo. Akafungua mdomo, akatafuna, akameza.

"Nimeshiba," akasema. "Nimeshiba, mwanangu."

Ndipo mambo yakafunguka. Digidigi akawachungulia wale walioingia kutoka nje, akamwona Kobe, na uso ukamwiva kwa aibu, maana Kobe ndiye aliyemwonyesha maji wakati wa kiangazi. Akaenda kwake na tonge. Punda Milia akamtafuta Kicheche. Huyu akamtafuta huyu, yule akamtafuta yule. "Umenifaa!" huku. "Nimeshiba!" kule. Yale matonge ya kwenye jani hakuna aliyeyagusa. Mikanda ikawabana matumbo yaliyokuwa yanajaa, wakaivua, wakaitupa motoni. Na Ngedere? Ngedere alikaa na machozi yake mawili mpaka kifaranga mmoja akamlisha, akisema, "Umenifaa, ulinichekesha." Hapo akalia ya kwake mwenyewe, bila malipo.

Kiboko akangoja. Akangoja, chungu kikashuka. Akangoja, chungu kikafika chini. Wote wakala, wakalamba vidole, wakasahau kabisa kuwa wana mgeni rasmi.

Mama Kanga hakusahau. Akainama chunguni, akakwangua, kwaru-kwaru, akapata ukoko mdogo wa saizi ya kidole. Akauchovya kwenye mchuzi uliobaki, akauleta mbele ya lile pango la kinywa.

"Umenifaa, Mzee Kiboko. Mimi na wanangu tulikuwa nje, ukatufungulia mlango."

Akautia. Ule ukoko ulipotelea humo kama punje kisimani. Kiboko akatafuta kwa ulimi, akaupata, akaumung'unya muda mrefu akiwa amefumba macho. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amlishe kitu kwa mkono wake.

"Nimeshiba," akasema.

Mwongo mkubwa! Tumbo lake lilikuwa linapiga ngoma, ndu ndu ndu, wote wanasikia. Lakini alilisema, tena kwa sauti ya upole ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. Sange akamtazama, naye akajikuta anamshukuru, jambo ambalo hakulipanga.

Ngano yangu imefika chini ya chungu. Iliyowapendeza mmeze, iliyowakwama mkohoe, na kama kuna uongo humo, uongo huo ni wa Kiboko, mimi sina.

Fundisho? Mnataka na fundisho? Haya, shikeni hili na muwafundishe wenzenu: ukitaka watu wakushukuru kutoka moyoni, kwanza wafungie mlango. Halafu wafungulie.